Pointi Zako Si Zawadi, Ni Deni

Fungua apu yoyote unayonunulia vitu, halafu angalia ile kona ya pointi. Labda una 340, labda una 2,000. Duka limekuandikia "hongera" na kuweka picha ya kisanduku chenye utepe, na wewe unajiskia kama umeokota kitu njiani. Sasa sikia kitu ambacho hawawezi kuandika kando ya hiyo picha: kwa vitabu vyao vya hesabu, hizo pointi haziko upande wa zawadi. Ziko upande wa madeni. Zimekaa pale pamoja na mkopo wa benki na pesa za wale wanaowaletea mali. Wewe na hiyo simu yako yenye kioo kimepasuka ni mtu anayeidai kampuni.

Wasee wengi hawajui hii, na duka halina haraka ya kuwaambia. Ukidhani pointi ni zawadi, siku zikifutwa utanuna kidogo halafu uendelee na maisha. Ukijua ni deni, utaanza kuuliza maswali.

Mama mboga wa mtaa wenu anaelewa hii hesabu vizuri kuliko kampuni nyingi zilivyoielewa kwa miaka mingi. Akikosa chenji akuambie, "Kuja kesho nikuongeze nyanya mbili," anajua ana deni la nyanya mbili. Anaziweka kando. Hesabu zake za jioni haziwezi kusema amefunga na wewe. Makampuni makubwa yalichukua zaidi ya miaka mia moja kufika hapo, na yalifika yakivutwa mkono.

Story inaanza Uingereza, mji wa Rochdale karibu na Manchester, Desemba 1844. Watu wachache wa viwanda vya nguo, wamechoka kuuziwa unga uliochanganywa na takataka, walichanga pesa wakafungua duka lao dogo. Bidhaa zenyewe zilikuwa chache: unga, siagi, sukari, mishumaa. Lakini walikuwa na kanuni moja ambayo ilisambaa dunia nzima. Faida ikipatikana, inarudishwa kwa wanachama kulingana na kila mmoja alinunua kiasi gani. Ukinunua sana, unapata sana. Hiyo ndiyo pointi ya kwanza ya maana, ukiniuliza mimi, na cheki tofauti yake na ya leo: mnunuzi alikuwa pia mwenye duka. Kama mzazi wako ako kwa sacco au chama cha ushirika cha kahawa au maziwa, hiyo hesabu ya mwisho wa mwaka anaijua. Hakuna mtu wa kufuta mgao wako usiku kwa sababu "masharti yamebadilika". Wenye masharti ni nyinyi.

Marekani ilichukua njia nyingine. Mwaka 1896 Thomas Sperry na Shelley Hutchinson walianzisha kampuni ya stempu, S&H. Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Kampuni inachapisha stempu ndogo za kijani. Duka linazinunua. Wewe ukinunua vitu vya senti 10, duka linakupa stempu moja. Unaenda nyumbani, unailamba, unaibandika kwa kitabu. Kitabu kikijaa stempu 1,200, unakipeleka kwa ofisi za S&H na kuchukua kibaniko cha mkate, taa, blanketi, ama unaendelea kujaza vitabu mpaka upate kitu kikubwa. Miaka ya 1960 hii kitu ilikuwa imeshika Marekani mbaya sana. S&H ilijivunia kwamba inachapisha stempu mara tatu ya zile za posta ya serikali.

Fuata pesa kidogo hapo. Duka linalipa kampuni ya stempu leo. Mama wa nyumbani anabandika stempu polepole, mwaka mzima, pengine miwili. Vitabu vingine vinalowa maji, vingine vinapotea wakati wa kuhama, vingine vinakaa kwa droo mpaka mwenyewe anaondoka duniani. Katikati ya ile siku duka limelipa na ile siku mama anakuja kuchukua kibaniko chake, pesa iko wapi? Iko kwa kampuni ya stempu. Si faida, kwa sababu kuna vitu inapaswa kutoa. Lakini hakuna riba inayolipwa juu yake, na hakuna mtu anayepiga simu kuuliza.

Kuna msee mmoja aliona hilo pengo vizuri kuliko wote. Anaitwa Warren Buffett.

Kule California kulikuwa na kampuni nyingine ya stempu, Blue Chip Stamps, ilianzishwa 1956. Kufikia 1970 mauzo yake ya stempu yalikuwa dola milioni 126 kwa mwaka. Buffett na mwenzake Charlie Munger walianza kununua hisa zake wakati huo. Hawakuwa na mapenzi na stempu. Walichotaka ni ule mfuko wa pesa uliokaa ukingoja watu walete vitabu. Januari 1972, Blue Chip ikanunua kampuni ya chokoleti ya See's Candies kwa dola milioni 25. Mwaka 1977 ikanunua gazeti la mji wa Buffalo. Soma tena hapo polepole: pesa zilizotengwa kwa vibaniko na mablanketi ya wamama wa California ndizo zilisaidia kununua kiwanda cha chokoleti. Na hicho kiwanda, kwa hesabu ambazo Buffett mwenyewe aliwapa wanahisa wake kwenye barua ya 2007, kilikuwa kimeleta jumla ya dola bilioni 1.35 kabla ya kodi tangu siku kiliponunuliwa.

Biashara ya stempu yenyewe ilikufa. Kutoka milioni 126 mwaka 1970, mauzo yalishuka hadi dola milioni 19.4 mwaka 1980, na mwaka 2006 Blue Chip iliuza stempu za dola 25,920. Hiyo ni mwaka mzima. Buffett alikuwa anaitania hiyo anguko kwa barua zake kama ni kosa lake. Mimi huwa nacheka pamoja naye, lakini nacheka nikijua alishapata alichotaka.

Sitaki uelewe kwamba aliiba. Hakuiba. Blue Chip iliandika wazi kwenye hesabu zake kwamba ina dhima ya stempu ambazo hazijadaiwa, na sheria ya kodi ya Marekani ilikuwa na kipengele chake cha namna ya kukadiria hiyo gharama. Ninachosema ni kwamba miaka hiyo yote kulikuwa na vikundi viwili: wachache walioangalia stempu wakaona mkopo usio na riba, na mamilioni walioangalia stempu wakaona kibaniko.

Uingereza nao walishikwa na huo ugonjwa. Richard Tompkins alianzisha Green Shield Stamps mwaka 1958, na Tesco ikajiunga 1963. Lakini wabunge wa Uingereza walifanya kitu ambacho natamani kingezungumziwa zaidi. Walipitisha sheria ya stempu za biashara mwaka 1964, na sheria hiyo ilisema kila stempu ichapishwe thamani yake ya pesa, hata kama ni sehemu ndogo sana ya peni, na mteja akifikisha kiwango kidogo kilichowekwa ana haki ya kudai pesa taslimu. Si taa. Si blanketi. Pesa. Yaani bunge lilisema: kama ni deni, basi liwe na bei inayosomeka, na mwenye kulidai asilazimishwe kuchukua sufuria. Hiyo ilikuwa miaka 60 iliyopita. Angalia pointi zako sa hii uniambie ni wapi wameandika moja ni bob ngapi. Kwingine utapata, kwingine utatafuta mpaka bando iishe.

Tesco iliacha zile stempu 1977 na kushusha bei badala yake. Tompkins alikuwa ameshageuza ofisi zake za kutoa zawadi kuwa maduka ya kawaida, yanaitwa Argos, tangu 1973. Stempu za kulamba zikaisha. Wazo halikuisha, lilihamia kwa kompyuta.

Tarehe 1 Mei 1981, shirika la ndege la American Airlines lilianzisha mpango wake wa AAdvantage. Kila ukiruka unahesabiwa maili, ukifikisha kiasi fulani unapata tiketi. Hakuna karatasi, hakuna gundi. Mashirika mengine yakafuata haraka sana, na hapa ndipo wahasibu walianza kuumwa na kichwa.

Swali lilikuwa hili: maili moja inagharimu shirika pesa ngapi? Mashirika yalijibu kwa ujanja. Yalisema, sikiza, hiyo ndege itaruka tu, kiti kingekuwa kitupu, kwa hivyo kumpa huyu abiria kiti cha bure kunatugharimu chakula chake, mafuta kidogo ya kubeba uzito wake, na makaratasi. Hivyo ndivyo wengi wao walivyoandika: tiketi yote ni mapato leo, halafu tunatenga visenti vichache vya chakula na mafuta. Kwa vitabu, deni likaonekana dogo kama kidole. Abiria naye, kwa mawazo yake, ana tiketi nzima ya kwenda Hawaii.

Nani yuko sawa? Huo mjadala uliendelea kwa miaka zaidi ya 20. Supamaketi zikaingia na kadi za plastiki. Tesco ilirudi na Clubcard 1995. Maduka ya mtandaoni yakaingia. Rakuten ya Japani ilianza pointi zake 2002. Kila mtu alikuwa anatoa pointi, na kila mtu alikuwa anaziandika anavyojua. Wengine waliita gharama ya matangazo, kana kwamba deni kwa mteja ni sawa na bango la Thika Road.

Jibu lilianza kuja Juni 2007. Wale wanaotunga viwango vya kimataifa vya uhasibu walitoa mwongozo unaoitwa IFRIC 13, unaohusu mipango ya uaminifu wa wateja na hakuna kingine. Baadaye ulimezwa na kiwango kikubwa cha mapato, IFRS 15, kilichotolewa Mei 2014 na kuanza kutumika 1 Januari 2018. Kenya inatumia viwango hivi vya kimataifa tangu 1999, kwa hivyo hii si story ya wazungu peke yao. Kampuni yoyote iliyo kwa soko la hisa la Nairobi inaandika hivyo.

Niliacha kampasi kabla ya kufika kwa hii mada, kwa hivyo nimejifunza kwa kusoma hesabu za makampuni usiku. Ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa. Tuseme duka la mtandaoni limekuuzia viatu kwa bob 2,000 na kukupa pointi zinazoweza kununua kitu cha bob 100 wakati mwingine. Duka linajua kutokana na wateja wake wa zamani kwamba pointi 80 kati ya 100 ndizo hutumika, zingine husahaulika. Kwa hivyo thamani ya kweli ya hizo pointi ni bob 80.

Njia ya zamani: duka linaandika mapato ya bob 2,000 leo. Halafu linatenga kando gharama yake ya zile bidhaa za pointi, tuseme bob 45. Mambo yameisha.

Njia ya IFRS 15 inauliza swali tofauti kabisa: huyu mteja amenunua vitu vingapi? Jibu ni viwili. Amenunua viatu vya thamani ya 2,000, na amenunua pointi za thamani ya 80. Jumla ni 2,080, lakini amelipa 2,000. Basi gawanya ile 2,000 kwa uwiano huo. Viatu vinapata bob 1,923. Pointi zinapata bob 77. Leo duka linaruhusiwa kuandika mapato ya 1,923 peke yake. Zile 77 zinaenda upande wa dhima, mapato yaliyoahirishwa, mpaka siku utakapotumia pointi zako.

Umeona kilichofanyika? Kiwango kimesema zile pointi hukupewa. Ulizinunua. Zilikuwa ndani ya bei ya viatu tangu mwanzo. Sijui sheria nyingine ya uhasibu inayokubaliana na mteja wazi hivyo.

Bob 77 inaonekana pesa ya peremende. Zidisha kwa oda milioni moja na una bob milioni 77 ambazo meneja hawezi kujivunia mwaka huu. Ndiyo maana wakati Marekani nao walileta sheria yao inayofanana na IFRS 15 mwaka 2018, mashirika ya ndege yaliyokuwa bado yanahesabu kwa chakula na mafuta yalilazimika kuongeza dhima zao. American Airlines, wale wale walioanzisha, iliongeza kwa mabilioni ya dola. Hakuna abiria aliyeongezewa hata maili moja siku hiyo. Deni lilikuwa pale tangu zamani, ila sasa liliandikwa kwa ukubwa wake.

Na kama unadhani hizi pointi ni mchezo wa watoto, kumbuka 2020. Ndege zimekaa chini kwa sababu ya korona, hakuna anayesafiri. United ilienda kutafuta mkopo. Iliweka dhamana gani? Mpango wake wa maili, MileagePlus. Iliutangaza kuwa na thamani ya karibu dola bilioni 22, wakati soko la hisa lilikuwa linaithamini kampuni nzima, ndege na kila kitu, kwa karibu nusu ya hapo. Walipata dola bilioni 6.8. Delta ikafuata kwa bilioni 9. Siri ni kwamba mabenki hununua maili kutoka kwa mashirika kwa pesa taslimu ili wawape wenye kadi zao za mkopo. Ni Blue Chip Stamps tena, ila mwenye stempu amejifunza kuruka.

Sasa turudi kwa maduka ya mtandaoni, kwa sababu hapo kuna mtego wa pili na huu unawanasa hata watu wazima wenye tai. Mtego wenyewe ni neno "mapato".

Mwaka 2011 kila mtu alikuwa anaongea Groupon, kampuni ya Chicago iliyouza kuponi za punguzo mtandaoni. Walipoomba kuingia soko la hisa mwezi Juni, walisema mapato yao ya 2010 ni dola milioni 713.4. Msimamizi wa soko la hisa la Marekani akawauliza maswali. Ukinunua kuponi ya mgahawa, pesa nyingi zinaenda kwa mgahawa. Groupon inabaki na kipande chake. Kwani mapato yenu ni pesa yote iliyopita mkononi ama ni ile inayobaki? Septemba wakarekebisha. Mapato ya 2010 yakawa dola milioni 312.9. Zaidi ya nusu ilipotea, na hakuna hata senti iliyotoka kwa akaunti ya benki. Waliingia sokoni Novemba hata hivyo, halafu Machi 2012 wakatangaza tena kwamba mapato ya robo ya mwisho ya 2011 yapunguzwe kwa dola milioni 14.3, kwa sababu hawakuwa wametenga za kutosha kwa wateja wanaorudishiwa pesa.

Kwa hapa kwetu mfano ni Jumia, iliyoanza Lagos 2012 na kuingia soko la hisa la New York Aprili 2019. Ukinunua simu ya bob 20,000 pale kutoka kwa muuzaji mwingine, mapato ya Jumia si 20,000. Ni kamisheni yake. Tuseme kwa mfano wetu ni asilimia 10, basi ni bob 2,000. Ndiyo maana ripoti zao zina namba mbili: thamani ya bidhaa zote zilizopita kwenye jukwaa, na mapato yenyewe. Na jukwaa lolote likikupa kuponi ya bob 500 kutoka mfukoni mwake, ile 500 kwa kawaida inatolewa kwa mapato, si kufichwa kwa matangazo. Bob 2,000 imekuwa 1,500. Siku msee wa kuanzisha kampuni akija kwa podikasti akisema "tumeuza bilioni moja", muulize ni namba gani kati ya hizo mbili. Utaona vile ataanza kunywa maji.

Unganisha mitego yote miwili na utaelewa kwa nini pointi hubadilishwa masharti kila mara. Duka linakadiria kwamba pointi fulani hazitadaiwa kamwe. Ikibadilisha kanuni ili pointi nyingi zaidi zife, dhima inashuka, na kile kilichoshuka kinaingia kwa mapato. Hakuna kiatu kilichouzwa. Hakuna mteja mpya. Kuna ujumbe tu. Mimi nilipata huo ujumbe kutoka duka moja la mtandaoni ambalo sitalitaja: "Tumeboresha mpango wetu kwa ajili yako." Nilikuwa na pointi 1,150 usiku, asubuhi nina sifuri. Niliandikia huduma kwa wateja na nikajibiwa na roboti anayeitwa jina la msichana.

Hapa Kenya mpango mkubwa kuliko yote ni Bonga Points za Safaricom, ulioanza 2007. Kwa muda mrefu pointi zilikuwa hazifi. Kuna watu walikuwa nazo tangu wakiwa na simu za vitufe. Oktoba 2022 kampuni ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2023, pointi zenye umri wa zaidi ya miaka 3 zitakufa. Watu walikimbia kununua unga, bando, simu, chochote. Mtandaoni ilikuwa kelele na vichekesho. Wachache sana waliuliza swali la kihasibu: zile ambazo hazitakimbiliwa zinaenda wapi? Kwa kanuni nilizoeleza, deni likifa, linakuwa mapato. Si siri na si haramu, ni vile kiwango kinavyosema.

Lakini linganisha na pesa. Ukisahau akaunti ya benki Kenya kwa miaka 5 bila kuigusa, sheria ya mali za kifedha zisizodaiwa ya 2011 inasema benki ikabidhi hizo pesa kwa mamlaka ya serikali, na wewe au watoto wako mnaweza kwenda kuzidai. Benki haikuli kwa sababu umesahau. Pointi zikifa kwa masharti ya duka, zinaliwa na duka lile lile lililoandika masharti. Vyote viwili vilikuwa madeni kwa vitabu. Kimoja kinalindwa, kingine kinatumiwa ujumbe wa "tumeboresha". Mimi naona hapo kuna kazi ya wabunge, na Uingereza ya 1964 imeshawaandikia mfano.

Na kuna siku duka lenyewe linakufa. Nakumatt ilikuwa na kadi yake, Smart Card, na ilikuwa heshima kuitoa pale kwa keshia. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai walipiga kura ifungwe kabisa, ikiwa na madeni ya zaidi ya bilioni 30. Kampuni ikifilisika Kenya, kuna foleni ya kisheria. Mwenye dhamana yuko mbele, wafanyakazi na kodi wana nafasi zao, na wasio na dhamana wanangoja nyuma. Waliokuwa wameleta maziwa na mkate kwa rafu za Nakumatt walikuwa kwa hiyo foleni ya nyuma, na wao walikuwa na risiti na mawakili. Mwenye pointi 600 kwa kadi ya plastiki alikuwa kwa foleni hiyo hiyo ya nyuma, kama alijua hata kuna foleni.

Kwa hivyo mimi pointi natumia mapema, hata kwa soksi. Deni lisilo na riba, lisilo na dhamana, na ambalo mdaiwa ndiye anaamua linakufa lini, si mahali pa kuweka akiba. Mwaka wa fedha wa Safaricom huisha 31 Machi na hesabu hutoka Mei. Zikitoka, ruka picha za wakubwa wakitabasamu, ruka grafu za rangi, shuka mpaka kwa maelezo ya nyuma yanayohusu mapato yaliyoahirishwa. Bonga zako ziko pale, zimejumlishwa na za wengine wote. Linganisha na za mwaka uliopita, halafu tuongee kwa komenti.